Mtu wa Badala, na Namna Alivyopata Kuongoza Filamu

Maji yakupwapo Matemwe, bahari hukiacha kijiji ikarudi nyuma hata mwambani, na kisiwa cha Mnemba huonekana karibu kama kwamba mtu angeweza kukiendea kwa miguu. Wanawake hushuka na kamba zao kuangalia mwani, wavuvi wa pweza hutafuta mashimo, na vijana hupata uwanja wa mchanga uliokaza ambao hapana aliyewajengea. Huko hufanya sarakasi. Jioni moja nilikuwa nimekaa juu ya ngalawa iliyopandishwa, nikiwatazama watano wao wakitengeneza picha ya mapigano kwa simu. Mmoja, mwembamba kuliko wenzake, alitakiwa apigwe teke juu ya ukingo wa mawe, aruke kinyumenyume, aanguke chali mchangani. Alianguka vizuri. Mwenye simu akasema, "Rudia." Akaanguka mara ya pili, vizuri kuliko ya kwanza. "Rudia." Mara ya tatu mkono ulitangulia mwili, na mlio wake tuliusikia hata sisi tuliokuwa mbali.

Tulipokwisha kuufunga mkono ule kwa kanga na kumtafutia gari la kwenda hospitali, nilimwuliza mwenye simu kama yeye mwenyewe amepata kuanguka kutoka pale. Alinitazama kwa mshangao. "Mimi ndiye mwongozaji, mwalimu," akasema.

Jibu lile ndilo lililoizaa insha hii. Maana iko historia, nayo si fupi, ya watu walioanza kazi ya filamu kwa kuanguka wakaimaliza kwa kuongoza, na inamhusu kijana yule mwenye simu kuliko anavyodhani.

Watazamaji wa Kiswahili wamezoea kuzigawa filamu za mapigano kwa watu wawili, steringi na adui. Steringi hafi, hiyo ni kanuni ijulikanayo na kila mtoto. Lakini yuko mtu wa tatu ambaye lugha yetu haikumpa jina, naye ndiye aangukaye. Steringi akirushwa kutoka ghorofani, aghalabu si yeye arushwaye. Adui akipigwa akavunja dirisha kwa kifua, si yeye alivunjaye. Kazi yenyewe imeingia katika maneno yetu kwa jina la stanti, walakini mtendaji wake amebaki hana jina, nami hapa nitamwita mtu wa badala. Masharti yake ni mawili: atende jambo la hatari, na asitambulikane. Akitambulikana, basi ameiharibu kazi aliyoajiriwa kwayo. Sijui kazi nyingine ambayo ustadi wake hupimwa kwa kadiri mtendaji alivyofichika.

Mjini Unguja filamu zilikuwa na nyumba yao tangu 1921, ilipofunguliwa Royal huko Vuga, ambayo baada ya kuungua ilijengwa upya ikawa Majestic mwaka 1955. Zilikuwako pia Empire na Cine Afrique. Vijana wa Matemwe hawakuzikuta nyumba hizo katika siku zake. Wao wameziona filamu katika vibanda vya video, na sasa katika simu. Lakini baba zao wanakumbuka namna picha za Bruce Lee zilivyofika katika miji ya pwani yetu katika miaka ya 1970, zikawatoa vijana majumbani kwenda kujifunza karate na kung fu. Mwishoni mwa mojawapo, iitwayo Fist of Fury, ya mwaka 1972, Bruce Lee humpiga teke bwana mmoja wa Kijapani. Yule bwana hupaa, akatoka pamoja na ukuta wa mbao na karatasi, akaanguka bustanini. Watazamaji hulishangilia teke. Lakini aliyepaa hakuwa yule mchezaji aliyeandikwa katika nafasi ya adui. Alikuwa kijana wa Hong Kong wa miaka kumi na saba au kumi na minane, jina lake Chan Kong-sang. Watu wakamtazama akiruka hewani mbele ya macho yao, na kwa kuwa kazi yake aliitenda vizuri, hapana aliyejua kwamba yupo. Miaka michache baadaye kijana huyo alikuja kuwa mwongozaji wa filamu zake mwenyewe, na ulimwengu ukamjua kwa jina la Jackie Chan.

Alizaliwa Hong Kong tarehe 7 Aprili 1954, mwana wa wazazi waliokuwa watumishi katika nyumba ya balozi mdogo wa Ufaransa. Baba yake alipopata kazi ya upishi Australia, mtoto alitiwa katika chuo cha mwalimu Yu Jim-yuen, aliyefundisha michezo ya jukwaani ya Kichina, ile ya Peking, ambamo mchezaji huimba, huigiza, hupigana kwa silaha na kupindukapinduka kwa pamoja. Alikuwa na umri wa miaka saba. Mkataba ulimfunga kwa muda wa miaka kumi hivi, na mwalimu alikuwa na ruhusa ya kumtia adabu kwa fimbo. Watoto walisimama kwa mikono kwa muda mrefu hata mikono ikatetemeka. Wenzake katika chuo hicho walikuwa Sammo Hung na Yuen Biao, nao wote wawili walikuja kuwa watu wakubwa katika filamu.

Msomaji asidhani kwamba elimu ya namna hii ni ngeni kabisa kwetu. Katika miaka ya 1960 Tanzania iliwapeleka vijana China kujifunza sarakasi, nao waliporudi waliunda kikundi cha taifa. Na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kiliiweka sarakasi miongoni mwa masomo yake. Kupinduka kwa vijana wa Matemwe mchangani kuna nasaba, ijapokuwa wao hawaijui. Tofauti iliyotokea ni hii: Hong Kong ilikuwa na kiwanda cha filamu kilichowangojea wanasarakasi mlangoni. Michezo ya jukwaani ilipopungukiwa na watazamaji, wanafunzi wa Yu Jim-yuen walitoka na mali moja tu, yaani miili inayojua kuanguka, wakaipeleka iliko bei.

Kabla sijaendelea naye, ni lazima nirudi nyuma miaka hamsini na kuvuka bahari mpaka Marekani, kwa sababu njia aliyoipita ilikuwa imekwisha kufyekwa na mtu mwingine. Huyo ni Yakima Canutt, bingwa wa kupanda farasi wakali, aliyeingia katika filamu wakati zilipokuwa hazina sauti. Alitazamia kuwa steringi. Lakini homa aliyoipata alipokuwa mwanamaji ilikuwa imeiharibu sauti yake, na filamu zilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920, sauti ile ya mikwaruzo haikutakiwa. Akabakiwa na kuanguka. Alianguka kutoka juu ya farasi, magari na majabali katika filamu nyingi, mara nyingi akiwa badala ya John Wayne. Katika Stagecoach, ya 1939, alirukia farasi wa gari linalokwenda mbio, akaanguka kati yao, akaburutwa, kisha akajiachia chini, farasi na gari vikapita juu yake.

Jambo kubwa la Canutt, kwa maoni yangu, si anguko hilo maarufu. Ni jambo dogo alilolitengeneza pamoja na Wayne mapema katika miaka ya 1930. Hapo kwanza wachezaji walipopigana katika filamu, walipigana mabega na vifua, kwa kuhurumiana, na mtazamaji aliona kwamba wanahurumiana. Canutt alitambua kwamba kamera haina kina. Ina jicho moja tu. Kamera ikiwekwa nyuma ya bega la mmoja, ngumi ya mwenziwe inaweza kupita mbele ya uso kwa nafasi ya shibiri, na aliyepigwa akitupa kichwa nyuma kwa wakati wake, mtazamaji ataapa kwamba ngumi imefika. Basi pigo halimo katika ngumi wala katika uso: limo mahali pa kusimamisha kamera. Mtu aliyelijua hilo amekwisha kuwa mwongozaji, awe ameandikwa au hakuandikwa. Naye hakulijua kwa kusoma. Alilijua kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipokea ngumi, na mtu apokeaye ngumi hupenda sana kujua njia ya kutoipokea.

Mwili ulimwamulia mambo mengine. Mwaka 1940, katika Boom Town, farasi alimwangukia na kumjeruhi tumboni. Mwaka 1943 alianguka kutoka garini, vifundo vya miguu yote miwili vikavunjika. Tangu hapo akaelekea zaidi upande wa pili wa kamera, akipanga maanguko ya wengine. Aliongoza filamu kadha ndogo katika miaka ya 1940, nazo hazikumpa jina. Jina alilipata kwa kazi ya dakika tisa hivi. William Wyler alipotengeneza Ben-Hur, iliyotoka 1959, mashindano ya magari ya farasi aliwaachia Andrew Marton na Canutt. Katika Ben-Hur ya 1925 farasi wengi walikufa. Canutt aliwafundisha madereva kwa muda mrefu, akamfundisha hata steringi Charlton Heston kuendesha farasi wanne, na uvumi wa miaka mingi kwamba alikufa mtu katika mashindano yale hauna msingi. Lakini pana dakika moja ambayo gari la steringi linaruka juu ya mabaki ya gari jingine, na mwendeshaji anarushwa mbele kama mzigo, akining'inia juu ya migongo ya farasi. Kurushwa huko hakukuwa kumepangwa. Mwendeshaji alikuwa mtu wa badala wa Heston, naye ni Joe Canutt, mwana wa Yakima. Alitoka na jeraha la kidevu. Baba ndiye aliyeupanga mruko, na mwana ndiye aliyeruka. Kila niionapo picha ile nashindwa kumtazama mwana. Namfikiria yule aliyesimama kando.

Mwaka 1967 Canutt alipewa Oscar ya heshima, na katika sababu zilizotajwa ilikuwamo hii, kwamba alibuni vyombo vya kuwakinga watu wa badala kila mahali. Akafuata Hal Needham, naye alikuwa mtu wa badala aliyevunjika mifupa mingi. Aliandika mwenyewe kisa cha madereva wakorofi, akapewa kukiongoza: Smokey and the Bandit, ya 1977, filamu iliyoingiza fedha nyingi mno mwaka ule. Wahakiki hawakumheshimu, wala yeye hakuonekana kusumbuka.

Hapa ndipo njia mbili zinapokutana. Baada ya kifo cha Bruce Lee tarehe 20 Julai 1973, watengenezaji wa filamu wa Hong Kong walimtafuta Bruce Lee wa pili, na Jackie Chan alikuwa mmoja wa waliovikwa kanzu hiyo. Haikumkaa. Mwaka 1978 Yuen Woo-ping, ambaye naye alitoka katika ukoo wa jukwaani na kazi ya kupanga mapigano, alimwongoza katika Drunken Master na kumwachia awe mtu anayepigwa, anayeumia, anayechekesha. Mwaka uliofuata Chan aliongoza filamu yake ya kwanza, The Fearless Hyena. Kisha akaenda Marekani, na miongoni mwa kazi alizopata huko ilikuwamo nafasi ndogo katika The Cannonball Run, ya 1981, iliyoongozwa na Needham. Mwishoni mwa filamu hiyo, majina yanapopita, Needham alionyesha vipande vilivyoharibika: mchezaji amesahau maneno, mwingine amecheka. Chan alilichukua jambo hilo akarudi nalo Hong Kong. Lakini mikononi mwake liligeuka. Vipande alivyoonyesha yeye vilikuwa vya maanguko yaliyokosewa: mtu amegonga kichwa, mtu anachukuliwa kwa machela, damu inafutwa, na jambo linarudiwa.

Naomba msomaji alitafakari tendo hilo. Kwa zaidi ya nusu karne filamu ilikuwa imefanya kila hila ili mtu wa badala asionekane. Sasa amekuja mwongozaji aliyekuwa mtu wa badala, akaufungua mlango wa jikoni mbele ya wageni waliokwisha kula, akawaonyesha moto. Katika Project A, ya 1983, yeye mwenyewe anaanguka kutoka saa ya mnara, akipita katika maturubai mawili mpaka chini, na kamera iko mbali kiasi cha kuonyesha mnara, mwili na ardhi kwa pamoja. Waongozaji wengi wangekata hapo mara tatu, mkono, uso, kisha vumbi, kwa sababu hila yao ni kuficha kwamba aliyeanguka ni mwingine. Chan hakuwa na wa kumficha. Kamera iliyosimama mbali bila kukatwa ni aina ya ushahidi. Ni kama mtu anayesema mahakamani, nilikuwapo, nami nimeona.

Walakini nisimfanye malaika. Katika Police Story, ya 1985, mapigano ya mwisho yanavunja vioo vingi sana ndani ya jengo la maduka, na Chan anateleza juu ya nguzo iliyozungushiwa taa mpaka chini, akaungua viganja. Lakini walioingia katika vioo pamoja naye walikuwa vijana wa kikundi chake cha stanti, na hao majina yao hata leo hayajulikani na watazamaji wengi. Kwamba mkubwa huanguka kwanza ni heshima kubwa. Bali pia ni kamba. Nani atakataa kuruka, hali mwajiri wake ameruka jana na mkono una bandeji? Mwaka uliofuata, Yugoslavia, aliruka kutoka ukutani kushika tawi la mti, tawi likavunjika, naye akapasuka fuvu. Jambo hilo tulilionyeshwa mwishoni mwa Armour of God. Je, tulionyeshwa ili tuhurumie, au ili tununue tikiti nyingine? Nadhani yote mawili.

Wala njia hii haikufunguliwa kwa kila mtu. Bombay, katika miaka ya 1930, mwanamke mzaliwa wa Australia aitwaye Mary Evans, aliyetoka katika sarakasi na majukwaa, aliruka juu ya mapaa na magari ya moshi kwa mwili wake mwenyewe chini ya jina la Fearless Nadia. Filamu yake Hunterwali, ya 1935, ilivuma sana. Hakuhitaji badala. Kiti cha mwongozaji lakini kilikuwa cha Homi Wadia, ambaye baadaye alimwoa, na Nadia alibaki mtu wa kuruka. Ujuzi wa anguko alikuwa nao; ruhusa ya kusema "rudia" hakupewa.

Katika zama zetu mfano unaotajwa zaidi ni Chad Stahelski. Alijifunza kupigana katika chuo cha Dan Inosanto, aliyekuwa mwanafunzi na rafiki wa Bruce Lee. Huko huko alifanya mazoezi Brandon Lee, mwana wa Bruce. Tarehe 31 Machi 1993 Brandon aliuawa kwa bunduki ya mchezo katika kutengeneza The Crow, na filamu ilikuwa haijakwisha. Stahelski ndiye aliyesimama mahali pake ili ikamilike, na uso wa marehemu ukawekwa juu ya mwili wake kwa kompyuta. Sijapata kusikia ubadala mzito kuliko huo. Baadaye alikuwa badala ya Keanu Reeves katika The Matrix, ya 1999, ambayo mapigano yake yalipangwa na yule yule Yuen Woo-ping aliyeletwa kutoka Hong Kong. Na mwaka 2014, pamoja na David Leitch, mtu wa badala mwenziwe, akaongoza John Wick. Humo Reeves alifundishwa kwa miezi kabla ya kazi, ili kamera iweze kukaa mbali na kumtazama akitenda mengi kwa mwili wake. Mwezi wa Aprili 2025 wenye kutoa Oscar walitangaza tuzo maalumu ya ufundi wa stanti, itakayoanza kwa filamu za mwaka 2027. Kutoka anguko la Canutt chini ya gari hata tangazo hilo ni miaka themanini na sita.

Kwetu Afrika Mashariki mtu anayetajwa katika mambo haya ni Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, ambaye filamu yake Who Killed Captain Alex?, ya 2010, ilitengenezwa kwa fedha kidogo mno ikaonekana ulimwenguni kote. Yeye hakuanza kwa kuanguka. Alikuwa akifyatua matofali, na filamu za utotoni mwake alizijua kwa masikio, kwa kusimuliwa na ndugu zake waliokwenda kuzitazama. Basi anaweza kutumiwa kuipinga hoja yangu yote, nami sina budi kukiri. Ila nitasema kwamba mapigano ya Wakaliga yalikuwa na mwalimu wake, ajulikanaye kwa jina la Bruce U, aliyejifunza kung fu na kuwafundisha watoto wa mtaa ule. Na mwongozaji aliishi ua mmoja na watu wake. Aliyeanguka leo alionekana kesho mlangoni. Hiyo nayo ni namna ya kujua uzito wa mwili wa mwenzio.

Hapa Matemwe hapana kiwanda wala mkataba, na wala sitamani chuo cha fimbo cha Yu Jim-yuen. Lakini ujuzi ninaousema tunao katika kazi nyingine. Hapana nahodha wa ngalawa katika pwani hii aliyeshika usukani kabla hajafua maji. Na apitapo mlango wa mwamba, ujuzi wake umo zaidi katika magoti kuliko machoni, kwa maana magoti yake yalikwisha kujaribu chombo kilichojaa maji.

Miezi michache baadaye niliwaona tena vijana wale, maji yamekupwa, mahali pale pale. Yule mwembamba alikuwa na mkono mmoja dhaifu bado, hawezi kupinduka, kwa hiyo simu walikuwa wamempa yeye. Hakuitumia upesi. Alishuka chini ya ukingo, akaokota mawe moja moja na kuyatupa mbali, akawaamuru wenziwe watifue mchanga kwa majembe na kurundika mwani mkavu uliotupwa na bahari. Aliyekuwa mwongozaji wa kwanza alisimama juu, akingojea zamu yake ya kupigwa teke, akichungulia chini. Yule wa simu akapiga magoti mchangani, akasogea kushoto, akasogea tena, akalala kifudifudi, akitafuta mahali ambapo teke litaonekana limefika.

"Si lazima akuguse," akamwambia aliyekuwa juu. "Wewe tupa kichwa tu. Ukiwa tayari wewe, ndiyo tutaanza."